Asali ya Ulyankulu Iandikwe Jina Lake

Wahenga wetu walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ulikuwa na ukweli wake zama mnunuzi alipomjua muuzaji, akalijua na shamba lake. Lakini asali inayorinwa katika misitu ya Ulyankulu, hata ifike Darajani au Chake Chake, huwa imekwisha kupita mikono mingi. Aghalabu huingia sokoni ndani ya chupa iliyokuwa ya maji, haina jina la mahali, haina mwezi iliporinwa, wala haina jina la mtu wa kuulizwa. Asali ya namna hiyo, hata ikiwa njema kupita zote, haiwezi kujiuza. Inauzwa kwa maneno ya aliyeishika chupa, na maneno hayana kipimo.

Wakati huo huo, katika maduka ya Dubai, Maskati na London, ipo asali iitwayo Manuka, inayotoka Nyuzilandi. Huuzwa katika vikopo vidogo vyenye namba, na kikopo kimoja cha namba ya juu chaweza kushinda bei ya lita nyingi za asali ya Tabora. Wapo wanaodhani kuwa tofauti hiyo imeletwa na nyuki au na maua peke yake. Sisi tunaona kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na kipimo na kalamu, na kwa hiyo ni jambo ambalo hata sisi tunaliweza.

Inafaa ieleweke jinsi mambo yalivyokwenda huko. Katika miaka ya 1980, Profesa Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato aligundua kuwa asali ya mti wa manuka iliendelea kuua bakteria hata baada ya kuondolewa ile nguvu ya kawaida ya asali, yaani haidrojeni peroksaidi. Nguvu hiyo ya ziada ililinganishwa na ile ya dawa ya kuulia vijidudu iitwayo fenoli, na ulinganisho huo ndio uliozaa namba za alama ya UMF. Mwaka 2008, Profesa Thomas Henle na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walitangaza kiini chake, nacho ni kemikali iitwayo methilglioksali, ambayo vibandiko huifupisha kuwa MGO. Basi kikopo kilichoandikwa UMF 10 hulingana na MGO 263, yaani miligramu 263 katika kilo moja. Mnunuzi asiyejua huiona namba 263 akadhani ni nguvu kubwa zaidi kuliko 10, ilhali ni kitu kile kile kilichopimwa kwa mizani mbili.

Umaarufu ulipoenea, ulaghai nao ukafuata. Wafanyabiashara wengine walichanganya, wengine waliandika namba zisizopima nguvu yoyote, na jina lenyewe likaanza kushukiwa. Serikali ya Nyuzilandi haikukaa kimya. Kuanzia mwaka 2018, asali inayosafirishwa nje kwa jina la Manuka ni lazima ipite vipimo vitano: kemikali nne, pamoja na alama ya urithi ya chavua ya mmanuka. Tena vipimo hivyo havisemi asali ina nguvu kiasi gani. Vinasema tu kwamba ni Manuka kweli. Kwa hiyo yapo maswali mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni: hii ni asali ya wapi na ya maua gani? La pili ni: ina nguvu gani? Mwenye kulijibu la pili kabla ya la kwanza anajenga nyumba bila msingi.

Tutazame sasa kwetu. Ulyankulu si jina geni katika historia ya nchi hii. Ni sehemu ya ile nchi ya Wanyamwezi iliyopata kuwa chini ya Mtemi Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884, kandokando ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliishusha mizigo yao pwani, mkabala na Unguja, na wafanyabiashara wa Unguja wakapanda kwenda Tabora wakajenga huko. Kuanzia mwaka 1972 Ulyankulu iliwapokea wakimbizi kutoka Burundi, na mwaka 2014 wengi wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Visiwa na Ulyankulu, kwa hiyo, si wageni kwa wageni. Ni ndugu wa njia moja ya kale.

Utajiri wa mahali hapo umo katika misitu ya miyombo. Mtundu huchanua kabla ya mvua, na miti mingine ya jamii hiyo huchanua masika yanapoelekea ukingoni. Nyuki hukusanya mbochi, na wenyeji hurina asali kutoka katika mizinga ya magome, ya magogo na, siku hizi, ya masanduku. Nta ya bara ilikuwa bidhaa ya kupelekwa nje tangu zama za ukoloni. Mwaka 1962 wafuga nyuki wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika, na mjini Tabora kipo chuo cha ufugaji nyuki. Hatukukosa nyuki, wala miti, wala maarifa. Tulichokikosa ni kuifuata asali kwa kipimo kutoka kwenye mti hadi kwa mlaji.

Na kipimo cha kwanza si cha ajabu wala cha gharama kubwa. Ni maji. Kanuni za kimataifa za chakula zinataka asali isizidi maji sehemu 20 katika 100. Ikizidi hapo, hamira za asili zilizomo huamka, asali ikaumuka na kuchachuka, ikaelekea kuwa wanzuki badala ya asali. Mrinaji anayengoja masega yafunikwe na nyuki kwa nta hupata asali kavu. Mwenye pupa anayekata masega machanga huharibu ndoo nzima. Ndugu zetu wa visiwani hawana budi kulijua jambo jingine: asali huvuta unyevu wa hewa. Asali iliyotoka Ulyankulu kavu wakati wa kiangazi, ikaachwa wazi katika hewa nzito ya pwani, huongezeka maji bila mtu yeyote kuongeza tone.

Kipimo cha pili ni moto. Asali ya kawaida hupata nguvu yake ya kuua bakteria kutoka kwa kimeng'enya kinachotiwa na nyuki mwenyewe, ambacho hutoa haidrojeni peroksaidi asali inapokutana na maji ya jeraha. Kimeng'enya hicho hakistahimili moto mkali. Mfanyabiashara anayeichemsha asali iliyoganda ili ing'ae sokoni huua kile kile anachokisifu. Na hapa wanunuzi nao wana lawama yao, kwa sababu wengi huikataa asali iliyoganda wakidhani imetiwa sukari. Kuganda ni tabia ya asali safi. Vivyo hivyo, kuichoma kwa njiti ya kiberiti, kuidondosha mchangani au kuwatazama sisimizi si vipimo. Mwenye kutia sukari kwa ujanja hushinda mitihani hiyo yote.

Sasa tuje kwenye uponyaji, maana hapo ndipo maneno yanapozidi kipimo. Waislamu wengi wa visiwani wanajua kuwa asali imetajwa katika Surat An-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na hakuna anayekusudia kuipunguzia heshima hiyo. Wataalamu nao hawakuidharau. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2015 yalionyesha kuwa majeraha ya moto yasiyozama sana hupona upesi zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Mwaka 2018 washauri wa afya wa Uingereza walipendekeza asali kwa kikohozi cha kawaida kabla ya kukimbilia dawa za kuua bakteria.

Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za vijidudu. Asali ya sokoni haikusafishwa hivyo, wala haifai kumiminwa katika kidonda kirefu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kwenye ncha ya kidole, kwa kuwa mbegu hizo zaweza kuota tumboni mwake na kumlemaza misuli kwa ugonjwa uitwao botulizimu. Mgonjwa wa kisukari naye akumbuke kuwa sehemu kama 80 katika 100 za asali ni sukari, iwe ya Ulyankulu au ya Nyuzilandi. Hata hiyo MGO ya Manuka, sehemu yake kubwa huvunjwavunjwa tumboni. Sifa yake imethibitika zaidi juu ya jeraha kuliko ndani ya kikombe cha chai. Chupa inayoahidi kuponya kisukari, shinikizo la damu na saratani kwa pamoja, haistahili kuwa sokoni.

Wapo watakaouliza: visiwa vinaingiaje katika jambo la Tabora? Jibu limo katika karafuu. Mkulima wa Pemba hahitaji kufundishwa thamani ya ukavu. Anajua kuwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, karafuu zake zitatazamwa, zitapimwa unyevu na kupangwa madaraja, na kwamba karafuu mbichi au zenye makonyo hazipati bei ya daraja la kwanza. Nidhamu hiyo ndiyo iliyolinda jina la karafuu za Zanzibar. Anayeidai nidhamu hiyo kwa anachokiuza ana haki ya kuidai kwa anachokinunua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa wahusika. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Bara, likae pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar, zikubaliane juu ya kibandiko kimoja cha asali kinachosomeka kwa Kiswahili pande zote mbili. Kiandikwe mahali ilikorinwa, mwezi wa kurinwa, kiasi cha maji, namba ya fungu na jina la mfungaji. Kionyeshe pia kama ni ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma, maana asali ya wadogo hao huwa na maji mengi zaidi kwa asili yake, nayo haifai kupimwa kwa kanuni isiyo yake. Chini pawe na onyo juu ya watoto wachanga.

Pili, kila kituo cha kukusanyia asali cha Ulyankulu na Kaliua kipewe kile kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia maji, na kijana mmoja afundishwe kukitumia. Tatu, Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Muhimbili vipewe kazi ya kupima nguvu ya asali ya miyombo, msimu kwa msimu, na matokeo yatangazwe hata kama hayatatufurahisha. Hadi hapo, pasiandikwe kwenye chupa nguvu yoyote. Nne, jina la mahali lilindwe kwa sheria. Kameruni ilifanya hivyo mwaka 2013 kwa asali nyeupe ya Oku. Zanzibar nayo ina Sheria ya Miliki za Viwanda ya mwaka 2008, inayotambua majina ya namna hiyo.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Litasemwa kuwa mrinaji maskini hana fedha za maabara, na kuwa kanuni kali zitamfukuza sokoni na kuwaachia matajiri. Pingamizi hilo ni la haki, nasi tunaliunga mkono kwa upande mmoja: mzigo usiwekwe juu ya kichwa cha mtu aliye msituni. Uwekwe juu ya kituo, chama cha ushirika na mfungaji. Mrinaji awajibike kwa mawili tu, kuleta asali iliyokomaa na kuileta katika chombo safi, na alipwe zaidi anapofanya hivyo. Leo mwenye asali kavu na mwenye asali chachu hulipwa sawa kwa ndoo, na hakuna kinachomvunja moyo mtu mwema kuliko hicho.

Lipo na jambo zito zaidi. Misitu ya Urambo na Kaliua imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mashamba ya tumbaku na kuni za kuikaushia. Hata mzinga wa gome hugharimu mti mzima, kwa kuwa mti ulioambuliwa gome hufa. Mtu hataacha kukata mti kwa kuhubiriwa. Ataacha siku ambayo mti uliosimama utamlipa kuliko mti ulioanguka, na hautamlipa maadamu asali yake haina jina. Kibandiko tunachokidai, basi, ni cha kumlinda mlaji wa Unguja na mtundu wa Ulyankulu kwa pamoja.

Wazee walituusia tufuate nyuki tule asali. Viongozi wetu nao waifuate asali yenyewe, kutoka msituni hadi bandarini, kipimo kikiwa mkononi. Hapo ndipo chema kitakapojiuza tena.