Takwimu Zikinyamaza

Mwaka 2006 televisheni ya ABC ya Marekani ilionesha filamu ya Fatal Contact, kisa cha mafua ya ndege yanayoteketeza watu duniani. Wasomi huzibeza filamu za aina hiyo: kelele nyingi, sayansi haba. Sibishi. Ila zina fadhila moja: haziuchukulii msiba kuwa siri ya serikali.

Tanga inavikumbuka vita vya Novemba 1914. Makaburi yapo, na kisa cha nyuki hakichoki kusimuliwa. Homa ya 1918, iliyoua askari, wapagazi na wanavijiji wa Afrika Mashariki, ina mnara gani? Iliitwa ya Kihispania kwa kuwa magazeti ya Hispania, nchi isiyopigana, yaliandika wazi yale ambayo mataifa yaliyokuwa vitani yaliyafunika. Msema kweli akabandikwa ugonjwa.

Nasi tukachagua kufunika. Kufikia mapema Mei 2020 tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 509 wa korona na vifo 21. Kisha takwimu zikanyamaza zaidi ya mwaka mmoja. Watetezi wanadai ukimya ulizuia taharuki. Hoja dhaifu! Hofu iliyonyimwa taarifa huhamia kwenye uvumi, na mganga wa zahanati ya Pangani asiyejua ukubwa wa mlipuko hujiandaaje? Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sheria na imlazimishe waziri kutangaza takwimu za kila mlipuko, kila wiki, hata zikimwaibisha. Nawe mtumishi wa umma, kumbuka: unayemhesabu ni marehemu wa mtu.