Barua ya Bwana Shamba: Wewe ni Nani?

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sisemi habari za mbolea wala za viwavi. Nataka tuzungumze juu ya mtu anayeshika jembe. Mtu huyo ni wewe.

Wewe ni nani? Utajibu: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Pengine utatoa kitambulisho cha taifa. Namba yake ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ofisini hiyo yatosha. Lakini kitambulisho hakisemi kama wewe ni mvumilivu au mwepesi wa hasira. Hakisemi kazi gani unaiweza na ipi inakushinda. Hayo sharti uyajue mwenyewe.

Mambo gani humfanya mtu awe alivyo? Mimi nayaona matatu.

La kwanza ni asili. Hukuchagua wazazi, wala ukoo, wala lugha ya kwanza uliyosikia mgongoni mwa mama. Usiyaonee haya. Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa.

La pili ni malezi na maneno ya watu. Mtoto akiambiwa kila siku, "Wewe mjinga," mwisho husadiki. Watu wazima nao ni hivyo hivyo. Zamani wakulima wengi walisadiki kwamba kalamu si yao. Hapa Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu waliozoea kutia dole gumba wakajifunza kuandika majina yao. Mikono ilikuwa ile ile ya jembe, nayo ikashika kalamu.

La tatu ni matendo yako. Jambo unalolifanya kila siku huwa tabia, na tabia ndiyo watu wanayokujua kwayo.

Fikiri juu ya mahindi. Mbegu ni asili. Udongo ni malezi. Palizi ni kazi yako mwenyewe. Mkulima haulaumu udongo hafifu kisha akaenda kulala. Hutia samadi.

Sasa, kujijua kuna faida gani? Chukua mfano wa wakulima wawili majirani. Kila mmoja ana mke, na watoto wao wako shuleni. Wa kwanza amekopa mbolea na kupanda ekari 4, kwa sababu tu tajiri wa kijiji amepanda ekari 4. Mahindi yanaota, magugu nayo yanaota. Mikono haitoshi. Palizi ya kwanza, ambayo yafaa ifanywe wiki 2 au 3 baada ya mahindi kuota, inachelewa mno. Magugu yanakula mbolea ya mkopo. Wa pili amejipima. Anajua nguvu za nyumba yake ni ekari 2. Anazipalilia kwa wakati. Mwisho wa msimu, wa pili ana chakula ndani. Wa kwanza ana deni, na watoto wanaangalia sufuria.

Na wewe mama, nina neno kwako. Watu wanakuita Mama Fulani. Ni jina la heshima. Lakini unalo jina lako mwenyewe, nawe sasa unajua kuliandika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Anayejiona msaidizi tu katika shamba analolilima kila mwaka hataulizia hati hiyo. Mume akifariki, huenda akaambiwa afungashe vyake. Anayejua kwamba yeye ni mkulima ataulizia mapema, tena kwa adabu. Nawe baba, usingoje kuulizwa.

Jinsi ya kujijua si ngumu. Chukua daftari. Andika mambo 3 unayoyaweza vizuri. Andika mambo 3 yanayokushinda. Kisha mpe mwenzi wako au rafiki wa kweli akusomee na kukusahihisha, maana nyani haoni kundule. Akikuambia kwamba pombe inamaliza fedha za pamba, usikasirike. Andika. Usipoujua ugonjwa wa mmea utanunua dawa isiyofaa. Mtu naye ni vivyo hivyo.

Baada ya mavuno lisome tena daftari lako. Lililobadilika, lifute. Jipya, liandike. Mtu si jiwe, hubadilika.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Ni maneno gani ya watu yaliyokufanya ujione huwezi?
2. Nyumba yako ina nguvu za kupalilia ekari ngapi kwa wakati?
3. Shamba mnalolilima limeandikwa jina la nani?

Mpaka mwezi ujao, kazi njema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu