Mwangeka Hakuwa Mwasi

Wanachama wenzangu, nina shauri na neno moja tu, nalo ni neno 'mwasi'.

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha juu ya Mwangeka, shujaa wa Wataita. Niliianza kwa kusema kwamba Mwangeka aliongoza uasi dhidi ya Waingereza. Mwalimu alipigia mstari kosa la ngeli katika aya ya tatu, akanipa alama nzuri, na sentensi yangu ya kwanza akaiacha kama ilivyo. Nami sikuishuku kamwe, hadi nilipofika chuoni na kutazama, pamoja na wenzangu bwenini, filamu ya Braveheart ya mwaka 1995 inayomhusu William Wallace wa Uskoti. Filamu yenyewe imetiwa chumvi nyingi, na wanahistoria wameikosoa vikali. Hata hivyo ilinisukuma niisome kesi ya mtu huyo, na kesi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye insha yangu.

Mwaka 1296 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliivamia Uskoti, akamwondoa mfalme wake, John Balliol, na kuwaapisha wakuu wa nchi wamtii yeye. Septemba 1297 Wallace na mwenzake Andrew Moray walilishinda jeshi la Waingereza penye daraja la Stirling, kwa kungoja hadi sehemu tu ya jeshi hilo ilipokwisha kuvuka. Julai 1298 Wallace alishindwa kule Falkirk. Mwaka 1305 alikamatwa na kupelekwa London, na tarehe 23 Agosti akahukumiwa katika ukumbi wa Westminster na kuuawa siku iyo hiyo, kifo cha kikatili mno. Mahakamani hakukana kwamba alipigana. Alichokikana ni jina walilompa. Alisema hawezi kuitwa haini kwa mfalme ambaye hakupata kumwapia utii.

Utetezi huo haukumfaa kitu mbele ya mahakimu. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, hata hivyo, ni somo zima la semantiki. Kuasi ni kukataa kumtii aliyekuwa na haki ya kutiiwa. Mtoto humwasi mzazi. Askari humwasi amiri wake. Je, mwenye nyumba humwasi nani anapomzuia mpita njia mlangoni pake?

Sasa tuje nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Sagalla, mlima ulio juu ya mji wa Voi, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ndara. Misafara iliyotoka Mombasa ilivuka nyika kame ya Taru, na ikifika huku ilikuwa ikitafuta maji kabla ya kitu kingine chochote. Wageni hawakuwa ajabu kwetu. Mmishenari Joseph Wray alifika Sagalla mwaka 1883, akakaa, akajifunza lugha yetu na hata kuiandikia kitabu. Hakuna asemaye kwamba Wataita walimchukia kila mgeni kwa kuwa ni mgeni.

Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ilikuja kwa namna nyingine. Misafara yake ilitaka njia, chakula na wapagazi, na ilitaka vitu hivyo kana kwamba ni haki yake. Mwangeka aliikatalia njia. Mwaka 1892 Kapteni Nelson wa Kampuni alikwenda kumpiga vita. Wataita walijibu kwa mishale ya sumu, Nelson mwenyewe akajeruhiwa, lakini bunduki zilishinda na Mwangeka akauawa.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atazame tarehe. Serikali ya Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hizi mwaka 1895. Mwangeka alikuwa kaburini miaka mitatu tayari! Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana ardhi hizi kwenye karatasi huko Ulaya, ni kweli, lakini Mwangeka hakuulizwa. Tena Wataita hawakuwa na mfalme. Kila kilima kilikuwa na wazee wake, na wazee wa kilima kimoja hawakuweza kukifunga kilima cha pili kwa kiapo. Wallace alikuwa na wakuu walioapa ilhali yeye hakuapa. Mwangeka hakuwa hata na wakuu wa namna hiyo. Ikiwa hoja ya Wallace ina nguvu, ya Mwangeka ina nguvu maradufu.

Sidai kwamba alikuwa malaika. Misafara ilileta biashara, na anayeifunga njia huwa na hesabu zake pia. Wallace naye alipoingia kaskazini mwa Uingereza aliteketeza vijiji. Tena wapo wenzangu watakaosema kwamba 'mwasi' ni sifa, na kwamba vijana hulipenda. Na walipende. Hoja yangu ni kwamba neno hilo linamkubalia Nelson jambo ambalo bado hajalithibitisha: kwamba alikuwa bwana wa mahali pale.

Jirani zetu wa Tanzania wamelifikiria jambo hili. Mapigano ya 1905 hadi 1907 wao huyaita Vita vya Majimaji, wala hawaoni haya kuyaita vita. Sisi Kenya tungali tunaandika 'uasi wa Wanandi' na 'uasi wa Wagiriama' katika madaftari ya shule, na marufuku ya serikali juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru.

Ukisimama Sagalla ukatazama kusini utauona mlima Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu, wakawapeleka Malindi, kwa shutuma kwamba wamewasaidia adui. Wengi walifia ugenini, na miaka mingi ilipita kabla ya walionusurika kuruhusiwa kurudi. Vitabu nilivyosoma husema waliadhibiwa kwa usaliti. Nyanya yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa na kitenzi chake alipouelekezea mkono mlima ule. Hakusema waliadhibiwa. Alisema walichukuliwa.