Kofia ngumu ya mwanao: itazame ndani



Mwezi uliopita vijana wa msikiti wetu waliomba ruhusa ya kwenda Lushoto na kushuka kwa baiskeli hadi Mombo. Ni njia ya lami yapata kilomita 33, yenye kona kali na mabonde marefu kandoni. Baadhi yao walitaka waanzie kwenye vijia vya udongo vya msitu wa Magamba. Barua ilihitaji saini yangu nikiwa katibu wa kamati. Kabla ya kuitia nikamtaka kila mmoja alete kofia yake ngumu, ile tuliyozoea kuiita helmeti, tuikague.

Zikaletwa 11. Nne zilikuwa na nyufa kwa ndani. Mojawapo ilikuwa ya mpwa wangu, na aliyemnunulia ni mimi mwenyewe. Niliiokota kwenye mitumba kwa sababu nje iling'aa. Nilipobandua vitambaa vya ndani mbele ya vijana wale, povu lilikuwa limepasuka toka kisogoni hadi utosini. Miezi minane mtoto yule aliamini kuwa kichwa chake kina kinga, na aliyemwaminisha hivyo ni mjomba wake.

Kinga kubwa ya kichwa si ganda la nje, bali ni povu gumu lililo chini yake. Kichwa kinapogonga ardhi, povu hilo hubonyea na kupunguza nguvu ya pigo inayoufikia ubongo. Likishabonyea halirudi katika hali yake. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kupata ajali haifai tena, hata kama ufa hauonekani. Nayo ya mtumba, nani ajuaye ilianguka mara ngapi?

Unaponunua mpya, tafuta lebo ya ndani. Alama ya EN 1078 ni ya kipimo cha Ulaya, na CPSC ni ya Marekani. Hata hivyo, alama isitulevye. Jaribio la EN 1078 kwenye chuma bapa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 1.5, yaani mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kijana ateremkaye mlima hupita mwendo huo upesi. Helmeti hupunguza madhara, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuachia breki.

Kisha ikae sawasawa. Zungushia kichwa utepe wa fundi cherehani juu kidogo ya nyusi, upate kipimo chake. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu kipenye kidole kimoja au viwili. Mwambie atikise kichwa kabla ya kufunga mkanda. Ikicheza, ni kubwa. Binti aijaribu akiwa amevaa mtandio atakaosafiri nao, mwembamba, usio na fundo wala pini chini ya helmeti. Mvulana naye avue kofia yake ya darizi, kwani huinua helmeti na kuilegeza.

Juu ya shingo, mzazi mmoja alimletea mwanawe kola laini ya hospitali. Nia yake ilikuwa njema, lakini kola ile ni ya mgonjwa. Kinga ya shingo ya waendesha baiskeli ni fremu ngumu ikaayo mabegani, mfano wa ile iliyobuniwa na daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt. Kichwa kinapopinda kupita kiasi, ukingo wa helmeti huegemea fremu hiyo, na sehemu ya nguvu ikaelekea mabegani na kifuani. Imeundwa kuvaliwa pamoja na helmeti ifunikayo uso mzima. Kwa helmeti ya wazi, ukingo wa kuegemea haupo. Ni ya wale warukao vizingiti na kushuka miteremko mikali ya miamba, wala si ya kila safari. Helmeti ya pikipiki nayo si mbadala: ni nzito, ina joto, nayo humwelemea shingoni anayekanyaga pedali.

Mtoto akianguka na kulalamikia shingo, msimwinue. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, helmeti ibaki kichwani maadamu anapumua vizuri, na msaada wa hospitali uitwe. Akitapika, akichanganyikiwa au akizimia hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali mara moja.

Safari tuliiahirisha kwa wiki tatu. Baba mmoja alinung'unika kuwa bei ya helmeti mpya ni kubwa kwake, na ni kweli, tukamchangia. Zile nne mbovu tulizikata kwa msumeno, zisije zikarudi mnadani na kumfikia mtoto wa mwingine. Ndipo nikatia saini.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.