Usalama wa Umeme Huanza Kabla ya Plasta

Nyumba mpya zinachomoza kila pembe ya Kisumu, tangu Riat na Mamboleo hadi njia iendayo Ahero. Nyingi ni za walimu na wafanyakazi waliojinyima miaka mingi na kukopa katika vyama vya akiba na mikopo. Linalonisikitisha ni kwamba mwenye nyumba hujadiliana na fundi siku nzima juu ya rangi ya vigae na urembo wa lango, ilhali nyaya zitakazopita ndani ya kuta huachiwa yeyote ajuaye kufunga balbu. Kwa maoni yangu, vifaa vya kuzuia moto wa umeme havina budi kupangwa katika ramani, kabla kuta hazijapigwa plasta.

Wapo watakaosema kwamba swichi kuu na fyuzi zatosha. Sivyo. Kila kifaa hulinda mlango mmoja tu. Saketi breka hukata umeme pale mkondo unapozidi uwezo wa waya, lakini haitambui umeme kidogo unaovuja kupitia ukuta wenye unyevu au mwili wa mtu. Kazi hiyo ni ya kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka na ule unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata umeme kufumba na kufumbua. Nyumba yenye shawa ya umeme haifai kukikosa.

Hata hivyo, waya uliolegea katika soketi waweza kuungua polepole usiku kucha bila vifaa hivyo viwili kushtuka. Hapo ndipo king'ora cha moshi kinapohitajika katika ujia wa vyumba vya kulala, kiunganishwe na umeme wa nyumba na kiwe na betri yake, maana umeme hupotea. Jikoni, ambako moshi ni wa kila siku, kinafaa kifaa kinachohisi joto. Isitoshe, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi mno duniani. Waya imara wa kuingiza umeme ardhini na kinga ya radi si anasa hapa kwetu.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulipima jambo hili. Umeme wetu ni volti 240. Birika la wati 2000, pasi ya wati 1200 na jiko la wati 1500 vikichomekwa pamoja huvuta takriban ampea 20, ilhali plagi ya kawaida imewekewa kikomo cha ampea 13. Tena, mkondo ukiongezeka maradufu, joto katika waya huongezeka mara nne. Dawa ni soketi za kutosha zilizogawanywa katika saketi kadha, wala si kuziba fyuzi kwa kipande cha waya.

Lipo pia suala la vyuma vya madirisha. Mnamo Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa kwa petroli, si kwa umeme; lakini madirisha yenye vyuma na mlango uliofungwa viliwanyima pa kutokea. Nyumba inayomzuia mwizi isimzuie mtoto kutoka.

Najua gharama ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya nyaya, asiyepanga mapema huubomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Basi kila ajengaye na adai fundi mwenye leseni ya EPRA na hati ya kukamilika kwa kazi. Nao walimu wawatume wanafunzi wakahesabu soketi na vifaa vya kwao. Somo hilo laweza kuokoa familia nzima.