Sufuria yapanda mti

Kazi yangu ni kusoma prufu. Huu ni mwaka wa 19 nakaa kwenye kona ya chumba cha habari, kalamu nyekundu mkononi, nikipekua kurasa za gazeti kabla hazijapelekwa mtamboni. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeota ndoto ile ile: niko kiwandani, mtambo unanguruma, magazeti yanamwagika kwa maelfu, na ukurasa wa mbele una kosa nililolipitisha mimi. Nilikuwa nikiamka jasho likinitoka.

Ramadhani ya mwaka jana ndoto hiyo ilinijia tena, asubuhi, baada ya daku. Nikaokota gazeti moja. Kichwa cha habari: "Sukari yapanda bei". Kwa mazoea ya kazi nikakirudia: "Sukari yapanda mti". Nikakisoma mara ya tatu: "Sufuria yapanda mti". Kicheko kikanitoka, na katikati ya kicheko nikajua kwamba hapa si kiwandani. Nimelala kwangu Magomeni, baba watoto anakoroma pembeni, na gazeti hili nimelichapa mwenyewe kichwani. Furaha ikanizidi, nikaamka hapo hapo.

Tangu siku hiyo najifunza kwa makusudi kuota huku najua kwamba naota, na nina neno kwa wanaotaka kuanza: jifunzeni, jambo lenyewe ni la kweli, lakini msitoe hata senti, wala msiibe usingizi wenu kwa ajili yake.

Jina kwanza, maana ndiyo kazi yangu. Frederik van Eeden, tabibu wa akili wa Uholanzi aliyelipa jambo hili jina la Kizungu mwaka 1913, alichagua neno la mwanga. Ukilihamisha kama lilivyo unapata "ndoto angavu", na kalamu yangu inalikata. Ndoto inaweza kung'aa kama mchana na bado ukaisadiki yote. Mimi naita ndoto ya kujijua, mpaka mwenye jina bora ajitokeze.

Wataalamu wengi waliidhania porojo. Kisha ikaja Aprili 1975. Katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alimlaza maabara mtu aitwaye Alan Worsley huku mashine ikiandika mwendo wa macho yake. Walikuwa wamepatana: akijua kwamba anaota, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio. Tukiwa ndotoni misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, lakini ya macho hubaki huru. Worsley akatoa ishara yake akiwa usingizini. Stephen LaBerge wa Stanford alifika pale pale kwa njia yake miaka michache baadaye. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walichapisha kazi iliyoonyesha baadhi ya waotaji wakijibu hesabu ndogo, kama nane toa sita, bila kuamka.

Kwa nini yangu ilikuja baada ya daku? Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Sehemu ile ambayo macho hucheza chini ya kope, na ndoto huwa na mikasa, ni fupi mwanzoni mwa usiku na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Ukilala saa tano, ukaamka saa kumi, ukakaa macho kidogo kisha ukarudi kitandani, unaingia penye ndoto nyingi na akili haijazima taa zote. Vitabu vya Kizungu humwelekeza anayeanza atege saa imwamshe kwa kazi hiyo. Sisi huamshwa na wapiga daku, tukala, tukaswali Alfajiri, tukarudi kulala. Mwezi mzima tunafanya zoezi ambalo wenzetu wanalinunulia vitabu.

Kinachofuata ni nia, na hapa ndipo nilipokosea sana. Njia ya LaBerge ni hii: kabla hujarudi usingizini, ikumbuke ndoto uliyotoka kuiota, jione ukigundua ndani yake kwamba ni ndoto, ujiambie kwamba ukiota tena utakumbuka kuwa unaota. Mimi niliyashika maneno nikayakariri kama shairi la darasa la nne. Majuma matatu, patupu. Nilishtuka baadaye: aliyewahi kutia nia ya funga anajua kwamba nia haikai mdomoni. Nilipoacha kukariri nikaanza kukusudia, ndoto ya pili ikaja ndani ya siku nne.

Hata hivyo tusidanganyane. Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Adelaide, Australia, alichapisha majaribio yake. Waliounganisha kuamka baada ya saa tano za usingizi, nia, na kujipima mchana kama wako macho au wanaota walifanikiwa, kwa wiki moja, mara 17 kati ya 100. Waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kutia nia walikaribia nusu. Ina maana hata ukifuata kila kitu, asubuhi nyingi utaamka mikono mitupu. Anayekuahidi kwamba usiku wa leo utaruka angani ana bidhaa mfukoni.

Mpwa wangu aliinunua. Alilipia shilingi 35,000 programu ya simu ya kumpigia filimbi laini wakati anaota, ili ajitambue. Saa nane usiku filimbi ililia. Tuliamka nyumba nzima, na jirani, isipokuwa yeye. Wapo pia wanaomeza galantamini, dawa wanayoandikiwa wagonjwa wa Alzheimer. Ni kweli kuna utafiti wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba inaongeza ndoto hizi. Lakini kumeza dawa ya mgonjwa ili ucheze usiku, hapana.

Kujipima mchana ni bure. Soma maandishi, geuza macho, soma tena: ndotoni herufi aghalabu hazitulii. Au ziba pua ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni hewa hupita. Sharti ujiulize kwa dhati kama unaota, si kwa mkono uliozoea. Nimesoma bango la daladala mara mbili mbili hadi kondakta akaniuliza, "Mama, umepotea?"

Njia moja siwashauri wanaoanza: ile ya kuingia ndotoni moja kwa moja ukiwa macho, bila kupoteza fahamu. Mara nyingi hupitia kwa jinamizi. Mwili umeshalegea, akili haijalala, huwezi kuinua kidole, kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Wengi walioshikwa na hofu ya jini aitwaye popobawa Unguja na Pemba mwaka 1995 walisimulia hali inayofanana sana na hiyo. Na mwenye maradhi ya akili yanayomchanganyia yaliyopo na yasiyokuwepo, au asiyepata usingizi wa kutosha, aliache kabisa jambo hili.

Shangazi yangu wa Tanga ana pingamizi la dini. "Mwanangu, unachezea ruya?" Nilimkumbusha tulivyofundishwa madrasa: ndoto ni tatu, bishara ya Mungu, vitisho vya shetani, na yale mtu anayojisemesha nafsini mwake. Yangu ni ya mtamboni, wazi kabisa ni ya tatu. Nikamwongezea kwamba Ibn Khaldun, karne ya 14, alieleza katika Muqaddimah maneno ambayo watu waliyasoma kabla ya kulala ili waoneshwe walitakalo, akakiri kwamba aliyajaribu na akaona. Shangazi akauliza kama naye alikuwa na watoto wa kuwaandaa kwenda shule.

Anayeanza anadhani akijua tu, anatawala. Katika ndoto yangu ya pili nilisugua viganja, kama walivyoelekeza, nisiamke. Nikabaki. Nikamwendea fundi wa mtambo nikamwambia azime. Akanitazama juu mpaka chini: "Una kibali?" Sikuwa nacho, na mashine ikaendelea kutapika magazeti. Nilichopata ni kwamba nilikaa juu ya robota la karatasi nikayatazama bila jasho, na sijaamka nimelowa tangu hapo.

Daftari ndilo lililotangulia yote, kwa sababu usiyoikumbuka asubuhi ni kama hukuiota. Langu la kurasa 96 nililinunua shilingi 1,000, na hukaa chini ya mto pamoja na kalamu nyekundu. Lina ndoto 143. Nilizojijua ni saba. Kosa la ukurasa wa mbele bado halijasahihishwa.