Modi za Kandanda na Somo la Utaratibu

Aghalabu mwanachuo anapokutwa na mchezo wa kandanda katika chumba cha kompyuta, mkufunzi wa zamu humtoa nje. Ni haki, ikiwa anacheza saa ya masomo. Lakini wengi wa wanaotolewa huwa hawachezi. Hutia jezi mpya, nyuso za wachezaji au uwanja katika mchezo usiokuja navyo. Kwa maoni yetu kazi hiyo ina elimu ndani yake kuliko vipindi vingi vya TEHAMA tunavyovishuhudia wakati wa mazoezi ya kufundisha, ambamo watoto hukariri “kibodi, kipanya, kiwambo” hadi kengele ilie.

Tukieleze kwanza kitu chenyewe. Modi ni faili, au fungu la faili, lililotengenezwa na watumiaji ili kubadili sehemu ya mchezo. Tuchukue mfano wa Pro Evolution Soccer 2021, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2020. Mwaka uliofuata Konami iliacha jina hilo na kuleta eFootball, lakini wako wapenzi wasiotaka kuuacha ule wa zamani, kwa kuwa unakubali kurekebishwa. Timu za Ligi Kuu ya Tanzania hazimo. Atakaye kuwaona Simba na Yanga uwanjani hana budi kuwatia mwenyewe.

Yawezekana kuyafungua makasha ya data ya mchezo, kutoa faili ya asili na kuweka nyingine mahali pake. Akikosea mtu hapo, huenda akalazimika kuusakinisha mchezo upya. Programu iitwayo Sider hufanya kwa adabu zaidi. Haigusi kitu cha asili. Kila modi huwekwa katika folda yake, na majina ya folda huandikwa mstari kwa mstari katika faili moja ya maandishi, sider.ini. Mchezo unapoomba faili, Sider huangalia folda ya kwanza katika orodha, kisha ya pili, na kuendelea. Ikiipata faili hiyo, huikabidhi na kuacha kutafuta. Isipoipata popote, mchezo hutumia ile yake. Kwa michezo ya FIFA, ambayo tangu FIFA 17 ya mwaka 2016 ilitumia mtambo wa Frostbite, kuna Frosty Mod Manager, yenye orodha ambayo mtumiaji huitia alama ya vema na kuipandisha au kuishusha. Kanuni ya nani hutangulia si lazima ifanane katika kila programu, na ndiyo maana maelezo husomwa kwanza.

Sasa tazameni linalotokea. Mwanachuo ana folda mbili, na zote zina jezi ya timu moja. Ile mpya ameiandika chini ya ile ya kale. Anafungua mchezo, jezi ni ile ile. Aghalabu husema modi ni mbovu, akafuta yote na kuanza upya, na pengine akaongeza nyingine tano kwa pupa. Mwenye utaratibu huweka alama ya nukta-mkato mwanzoni mwa mstari mmoja ili usisomwe, akafungua mchezo, akatazama, kisha akaandika alichokiona. Hubadili jambo moja tu kila mara. Hii ndiyo mbinu ya kisayansi tunayoihubiri ubaoni kwa mfano wa mbegu za maharage, na hapa mtoto hapati shida ya kungoja siku saba.

Mtauliza: shule ya msingi yenye kompyuta moja, au isiyo nayo kabisa, itafanyaje? Itatumia bahasha. Chukueni bahasha tatu za kaki, mziandike A, B na C. Ndani ya C, ambayo ni mchezo wa asili, tieni kadi za jezi, mpira na uwanja. Ndani ya B tieni kadi ya jezi ya rangi nyingine. Ndani ya A, jezi tena na mpira. Mtoto mmoja awe mchezo, aombe: “Nipe jezi!” Mwingine awe mpangaji, apekue A, kisha B, kisha C, na atoe ya kwanza aipatayo. Kabla hajapekua, darasa zima liandike katika madaftari kadi gani itatoka. Msiruke hatua hii ya kubashiri, maana bila hiyo somo hugeuka kuwa mchezo wa bahati. Kisha badilisheni A na B. Jezi itabadilika, mpira hautabadilika. Waulizeni kwa nini, nanyi mnyamaze kidogo. (Kunyamaza ndiko kunakowashinda wanachuo wengi kuliko kuandaa bahasha.)

Wenzetu wengine hupinga kwamba njia hii itawafanya watoto wapende michezo kuliko kazi. Hatukubaliani nao, ingawa wana hoja moja nzito: modi hupakuliwa kutoka mahali pasipojulikana, na faili ya programu yaweza kubeba virusi. Kwa hiyo kompyuta ya chuo isitiwe kitu kisichokaguliwa, mchezo wenyewe uwe wa kununuliwa, na nakala ya maendeleo ya mchezaji ihifadhiwe kando. Mchezo uliotiwa modi usipelekwe kwenye mashindano ya mtandaoni. Huko ni kuwadhulumu wengine, na akaunti yaweza kufungiwa. Aidha, anayetumia jezi iliyochorwa na mwingine amtaje mchoraji, kama tunavyodai kwa mwandishi wa kitabu.

Vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha kwa zoezi la bahasha katika Darasa la Tano. Cha kwanza kiishie kwenye kubadilisha A na B. Cha pili watoto watengeneze bahasha ya nne wao wenyewe, na waamue pa kuiweka.